Krimu ya Gathogo

Mwaka ule kampuni yao ya kununua ardhi ilipomaliza kulipia shamba la mzungu kule Turbo, Ephantus akalazwa Eldoret, fizi zikimvuja damu. Daktari akafanya kosa moja tu. Alisema, "Leteni ndugu zake."

Lo! Lori lilifika limejaa mpaka springi zikalia. Ndugu wa kampuni, ndugu wa kanisa, ndugu wa kwaya, hata yule aliyewahi kumuuzia Ephantus ng'ombe kipofu. Foleni ikatoka wodini ikapiga kona, na walio mkiani walidhani wanangoja mahindi ya serikali. Wakatolewa damu, Ephantus akatiwa, na fizi zikaendelea kuvuja vilevile. Alikuwa ametiwa damu za watu mara nyingi mno. Sasa mwili wake ulikuwa unazikataa zile chembe za kugandisha damu za kila mgeni, unaziua kabla hazijashika kazi.

"Mimi nilisema ndugu," daktari akalalamika.

"Na hawa wote ni ndugu, Daktari," akasema Sista Nekoye, muuguzi wa wodi. "Ulitaka kusema wa tumbo moja." Akamwinamia mgonjwa. "Mzee Ephantus, kwa mama yenu mko wangapi?"

Ephantus akaangalia ukuta. "Wawili. Huyo mwingine yuko Kaptagat. Hatutembeleani."

Huyo mwingine ndiye Gathogo. Aliishi peke yake kwenye kibanda cha mbao, akizungusha mashine ya kutenga krimu katika shamba moja la maziwa. Wakati wa kununua ardhi, Ephantus aliandikisha kila aliyemwita ndugu, akamruka yeye, ati mtu muongo vile angewaaibisha. Tangu hapo Gathogo aliongea na ng'ombe. Alidai wanasikia Kikuyu vizuri sana, ila hujibu kwa Kiingereza.

Gathogo akaitwa, damu yake ikapelekwa Nairobi kulinganishwa. Jibu likarudi: inaoana na ya Ephantus.

"Una bahati," Nekoye akamwambia. "Hata wa tumbo moja, wengi hawaoani. Tutachukua damu, tuizungushe kwa mashine, tutoe zile chembe. Nyekundu tunakurudishia."

"Kumbe! Mnachukua krimu, mnanirudishia yale maziwa matupu ya kunyweshea ndama!"

Basi ikawa kila Jumanne. Fizi zikakauka. Ephantus akaanza kuketi kitandani, na kwa vile hakuwa na pa kukimbilia, ikabidi asikilize. Gathogo akamsimulia habari za fahali aliyekunywa pipa zima la krimu, akateremka mlima mbio, na alipofika chini alikuwa anatoa siagi.

"Muongo wewe!" Ephantus akacheka akijishika mbavu. "Haya, endelea."

Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumwambia Gathogo endelea. Akirudi Kaptagat alipiga magoti akaomba: Mungu, usimuue ndugu yangu. Lakini pia usiharakishe.

Mungu akaharakisha. Jumanne moja Gathogo alikuta Nekoye anatabasamu. "Mzee, mwili wake umeanza kujitengenezea chembe wenyewe."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kidogo hahitaji?"

"Sasa wewe, furahi basi!"

"Nafurahi," akasema, mkono wa shati bado ameukunja.

Siku ya kutoka, lori lilikuja na ndugu wote. Ephantus akapandishwa mbele kando ya dereva, akatoa kichwa dirishani. "Gathogo, asante. Siku moja utapita kwetu."

"Siku gani?"

Lakini kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo, na lori likashika barabara ya Turbo.

Jumanne iliyofuata Nekoye alimkuta kwenye benchi la nje.

"Mzee Gathogo! Si mgonjwa wako alienda nyumbani?"

"Najua. Nilikuwa napita tu." Kutoka Kaptagat, anapita tu! "Nilikuwa na swali. Zile chembe zangu, zinakaa ndani yake muda gani?"

Nekoye alitamani kumdanganya, lakini kazi hiyo alikuwa hajaizoea.

"Siku chache, Mzee. Halafu zinakufa."

"Kwa hivyo saa hii, ziko?"

"Saa hii hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Gathogo akasogea kidogo kumpisha aketi, na Nekoye akaketi. Wakakaa hivyo, bila hadithi yoyote, mpaka sista alipoitwa wodini.