Ukiitwa na Usiyemwona

Jumatatu saa kumi mchana, Mutindi akipiga chapa mtihani wa Kiswahili wa kidato cha pili, Jonah alimwita.

"Mutindi."

Sauti ilitoka kwenye spika za kompyuta, ile ile ya mumewe, yenye kukwaruza kidogo kifuani. Jonah walikuwa wamemzika kijijini kwao Kyuso kabla ya mvua, na sasa watu walikuwa wakivuna; duka lao Mutindi alikuwa amelifungua tena siku hiyo hiyo, mara ya kwanza tangu msiba.

Mutindi hakuitika. Mtu aliyelelewa Ukambani hafundishwi jambo hili mara mbili: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza, maana anayeitika amekubali kuchukuliwa. Alitoka mbio akasimama kwa mwenye bucha, akajifanya anauliza bei ya matumbo. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imejizima, na mtihani ulikuwa umekwenda na maji, kwa sababu hakuwa ameuhifadhi.

Jumanne akaanza upya, na saa kumi ikawa vile vile. Mwenye hofu hakumbuki kuhifadhi. Jumatano akina mama wa kanisa wakaja kuikemea mashine, wakaiwekea mikono. Wakiwa katikati ya maombi ikasema, "Mutindi." Mashujaa wale wa imani walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na mmoja aliacha kiatu.

"Hiyo kitu uza," akasema Syokau, mama mkwe wake. "Jonah hajalala vizuri, na anakutaka wewe."

Auze abaki na nini? Duka lile dogo la kupiga chapa hapo Kabati ndilo lililomweka mjini. Shule ya wasichana ilitaka mitihani yake Ijumaa jioni. Ikiikosa, kazi ingepelekwa Mwingi, duka lifungwe, naye arudi Kyuso kulima ndengu chini ya macho ya Syokau. Tena aliipenda mashine ile. Jonah aliitia Linux, programu ya bure aliyoletewa kwenye diski na rafiki yake Othman wa Mwingi, akawa anajigamba nayo kama bwana harusi: haina mwenyewe, haishikwi na virusi, na ukitaka kujua imetengenezwaje, unaifungua unasoma. Mutindi hakuwahi kuisoma. Alijua kuwasha, kuandika na kutoa kwenye karatasi, basi, na usilolijua ni usiku wa kiza.

Alhamisi alimpigia Othman simu, na Ijumaa saa nane akafika. Akaketi, akasoma kimya maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, kisha akavua miwani akapangusa macho.

"Shemeji, hapa hakuna jini. Jonah aliandika hii programu na akarekodi sauti yake wiki ile alienda kulazwa. Alijua duka itabaki na wewe, na wewe husahau kuzima, halafu stima ipotee jioni iharibu kila kitu. Sasa inakuita mara tatu. Ukigusa kitufe chochote, inajua uko. Ukinyamaza, inajua umeenda nyumbani, inajizima."

"Mara tatu?"

"Kwani hujasikia ya tatu?"

Hakuwa amesikia hata ya pili.

"Kutoa ni kazi ya dakika moja," Othman akasema. "Nifute?"

"Ngoja saa kumi."

Mutindi akamaliza mtihani, akauhifadhi, akautoa kwenye karatasi. Saa ilipokaribia, mwili mzima ulimwambia toka. Akashikilia kiti.

"Mutindi."

Akanyamaza. Woga wa utotoni hautoki kwa maelezo ya mtu mmoja.

"Mutindi, uko?"

Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, ikafuatwa na kikohozi alichokifahamu.

"Mutindi wakwa."

Mutindi wangu, kwa Kikamba. Hivyo Jonah hakumwita mbele ya watu. Ilikuwa ya chumbani kwao. Mutindi akalia mbele ya Othman wala hakuona haya. Akaitika kwa sauti, kama mke anavyomwitikia mumewe, ndipo akagusa kitufe.

Skrini ikaandika: *Nilidhani umeenda.*

Othman akainamia kibodi. "Nifute sasa, shemeji?"

"Toa hiyo ya kujizima pekee. Ya kuita wacha."

"Itakuita kila siku. Hutaogopa?"

"Nitaogopa," Mutindi akasema. "Lakini siku hizi zote si yeye alikuwa ameenda. Ni mimi nilikuwa natoka."