Vizibo Viwili Mezani

Miaka thelathini na minane Veta alikuwa ameuinamia mchanga ule, na mchanga haukuwahi kumwambia ahsante. Kila Aprili kuchimba mashimo, kila Mei kupalilia, kila Julai kubeba matikiti hadi barabarani, moja kila kwapa. Sifa zilimwendea mumewe, Anghel, maana kijiji kizima kilimjua kwa matikiti matamu. Tangu miguu imkatae mwaka juzi, Anghel alilima kwa mdomo tu, amekaa kitini chini ya mzabibu.

"Veta! Ile mistari ya mwisho umeipalilia?"

"Njoo uikague, mzee. Mimi nitakushikia hicho kiti."

Nyuma ya nyumba mwana wao, Sandu, alikuwa amesimamisha hema la nailoni. Humo hamkuwa na udongo hata wa dawa. Miche ilimea kwenye mifuko ya makumbi ya nazi iliyopangwa juu ya meza, maji ya mbolea yakidondoka kwa mirija, na matikiti yalining'inia kwenye nyavu usawa wa kifua. Siku ya kwanza ya kuvuna, mwezi wa Juni, Veta alivuna amesimama wima. Alipomaliza alikwenda nyuma ya pipa la maji akalia. Hakuwa anajua kwamba tikiti linaweza kuchumwa bila mgongo kuwaka moto.

Sandu alitaka mahema shamba zima. Shamba lilikuwa la Anghel, na Anghel akasema tikiti lisilolala mchangani ni maji yaliyotiwa rangi. Walibishana wiki tatu. Jumapili moja, baada ya chakula, mzee akapiga meza.

"Basi nifungeni macho! Nikatieni vizibo viwili vya kuonja, kimoja cha hema, kimoja cha mchanga. Nikikosea, pandeni hata kwenye soksi. Nikipatia, hema linabomolewa, na mwakani tunarudi mchangani sote."

Sote! Veta alilisikia neno hilo likimshukia kiunoni. Sote ni nani, jamani, kama si yeye?

"Nawe Sandu nenda ukasimame getini," Anghel akaongeza. "Nakujua, utanikoholea ili nikosee."

Kwa hiyo ni Veta aliyeyaleta matikiti, na Veta peke yake aliyejua lipi ni lipi. Lile la hema lilikuwa safi. Lile la mchangani alipaswa kulisuuza, lakini bomba liko mbali na alikuwa amechoka hoi, akaliweka mezani hivyo hivyo. Akamfunga mumewe macho kwa kilemba chake. Akachomeka kisu mara tatu katika kila tikiti, akachomoa vizibo, vipande vya pembe tatu, vile ambavyo wateja hudai barabarani kabla ya kulipa. Akajionjea kidogo kidogo. La mchangani lilikuwa tamu zaidi. Si kwa mengi, ila lilikuwa tamu zaidi, na jambo hilo lilimuudhi.

Anghel akatafuna cha hema. "Si baya. Watoto watalipenda."

Akatafuna cha pili, polepole, na uso wake ukalegea.

"Hili! Hili ndilo la mchangani. Ningelijua hata nikiwa kaburini. Sema, mke wangu, nimekosea?"

Katika ndoa yao yote Veta alikuwa amemdanganya kuhusu bei ya viatu, basi.

"Umekosea," akasema. "Hilo ni la hema."

Anghel akakishusha kilemba, akaliangalia tikiti muda mrefu, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Vipi huko?" Sandu akapaza sauti kutoka getini.

Mzee alitia kidole mdomoni, akatoa kitu katikati ya meno, akakiinua kwenye mwanga. Ilikuwa punje ya mchanga. Veta akaiona. Tumbo la tikiti lile lilikuwa bado limegandwa na mchanga, mtu yeyote mwenye macho angeuona. Anghel aliuona. Kisha akaitazama mikono ya mkewe pale mezani, vidole ambavyo siku hizi havikunyooka tena.

Akaifuta punje kwenye suruali.

"Sandu! Njoo na kamba yako ya kupimia mahema. Baba yako amekosea."

"Kweli, baba?"

"Nimesema nimekosea! Unataka niimbe?"

Akajiinua kwa kushika meza, akihema, akamsogezea Veta kiti.

"Kaa, mama Sandu. Tangu asubuhi hujakaa."

Veta akakaa. Aliona aibu, na alifurahi, na hakuweza kutenganisha hayo mawili. Akalivuta tikiti la mchangani, akalipasua, akaanza kulila huku machozi yakimtoka mbele ya mumewe, wala hakuyafuta.