Ushuhuda wa Malta

Eish, ameanza tena! Apondi aliinamisha kichwa asionekane akikunja uso. Kwenye ibada ya nyumbani kule Midrand, Afrika Kusini, mumewe Gikonyo alikuwa akitoa ushuhuda wa likizo yao ya Malta: alivyojaribu kupiga kasia juu ya ubao baharini, akapinduka, na Bwana akamtoa kilindini. Kila akiusimulia, maji yalizidi kupanda. Wiki iliyopita yalimfika shingoni. Leo yalikuwa yamemfunika kabisa, papa naye akimzunguka.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" waliitikia watu, wengine wakijifuta machozi.

Mwende, mwenye nyumba, akamshika Apondi mkono. "Pole sana, dada. Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikuwa kando yake," Apondi alijibu, uvumilivu umemwishia, "maji yakinifika magotini, nikimwambia asimame."