Tunzo Kihwele Hana Macho

Usiku wa kuamkia Jumanne niliota nimeitwa ofisini kumtambua Tunzo Kihwele, mtu ambaye hayupo.

Naomba nieleze kwanza, maana ndoto yenyewe haikunipa nafasi ya kujieleza. Mimi ni mtengeneza tovuti na mifumo ya kompyuta, hapa Morogoro, katika ofisi ya watu watatu. Dada Pendael ndiye mwenye ofisi. Mwenzetu mwingine anachora mwonekano wa kurasa. Anayeandika programu ni mimi peke yangu. Sasa, Dada Pendael ana sheria moja ameibandika ukutani juu ya birika la chai: hakuna kazi inayotoka kabla ya kukaguliwa na watu wawili wanaojua kuandika programu. Sheria nzuri sana. Nimeisifia mwenyewe mbele ya wateja kwa maneno matamu. Ila huyo mtu wa pili alikuwa bado hajaajiriwa, na Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, nikachoka kumsubiri, nikamtengeneza. Nikafungua akaunti, nikaiita Tunzo Kihwele, nikaipa barua pepe na nywila. Picha sikuweka, kwa hiyo kompyuta ikampa ile ya kijivu, kichwa kisicho na uso. Dada Pendael nikamwambia ni rafiki yangu wa Iringa, bingwa, anatusaidia kwa mbali. Tangu siku hiyo kila nilichoandika, Tunzo alikikagua na kuandika chini yake: "Safi. Imepita." Amefanya hivyo mara mia nne na kumi na mbili.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu jioni. Kazi yenyewe ni mfumo wa kituo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo, orodha ya nani anakuja siku gani. Sista Eliwaza, muuguzi wa pale, alinikalisha kitako siku ya kwanza akaniambia: "Kaka, hawa wakikosa zamu moja tu, maji yanawajaa mwilini mpaka kifuani. Wengine hawafiki zamu inayofuata." Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari.

Basi, kwenye ndoto, naingia ofisini, Dada Pendael yuko mezani kwake. Mbele yake amekaa Tunzo Kihwele na shati la mikono mirefu, amejipanga vizuri. Kuanzia shingoni kwenda juu ni kijivu.

"Ambakisye, huyu unamfahamu?" anauliza Dada Pendael.

"Ni mwenzangu."

"Mbona hana uso?"

"Anafanya kazi kwa mbali," nikasema, na wakati ule lilionekana jibu zuri.

Dada Pendael anamimina chai kwenye kikombe, anamkabidhi Tunzo. Tunzo anakipokea, anakimimina chote mapajani mwake, chai ya moto. "Safi," anasema. "Imepita."

Dada Pendael anafungua droo, anatoa sahani yenye panya aliyekufa, anamwekea mbele. Tunzo anampapasa yule panya kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepima kanga dukani. "Safi. Imepita."

"Tangu lini?" Dada Pendael ananiuliza.

"Tangu Alhamisi ile."

"Nendeni kituoni," anasema. "Mkapite nyie wenyewe hapo mlipowapitisha watu." Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana, ningepata cha kujitetea.

Nafungua mlango wa ofisi, na nje hakuna ngazi wala kibanda cha mama wa chapati. Kuna uwanja wa vita, moshi, magari yameungua. Napafahamu. Ni gemu ninayocheza kila siku nikitoka kazini. Katikati ya uwanja yuko luteni mmoja, ndiye mhusika wangu, anapiga goti, anasimama, anapiga goti, anasimama.

"Ambakisye!" anaita. "Hebu ona goti langu."

"Naliona."

"Linakunjika. Zamani lilikuwa likikunjika, mguu unazama ardhini mpaka pajani. Sasa hivi tazama." Akapiga goti tena. "Watengenezaji walipoomba wachezaji wajaribu toleo jipya, wewe ulikaa wiki tatu. Ulikamata kasoro thelathini na moja. Barua yako ya goti ilikuwa na picha sita na video mbili. Ilisomwa makao makuu, watu wazima wakatoa leso."

"Nilifanya nilichoweza."

"Wanakulipa?"

"Hapana. Najitolea tu."

Luteni akaweka bunduki chini, akavua kofia. "Kama goti la mtu ambaye hayupo unalihangaikia namna hii bila kuombwa," akasema, "basi kwenye kazi yako yenyewe utakuwa moto wa kuotea mbali."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Wiki hizo tatu za goti ndizo hizo hizo za mfumo wa kituo. Nilikuwa nalipua kazi ya wagonjwa ili niwahi nyumbani kumtibu luteni. Mama yangu alizoea kusema kazi mbaya si mchezo mwema, nami nikamwona mshamba, hajui kwamba siku hizi mchezo nao una viwango vyake. Viwango kweli unavyo. Mchezaji akikosa risasi moja anaandika malalamiko ya kurasa nne na kutaja wakubwa wote kwa majina. Ndiyo maana tunawaogopa wachezaji, na magemu yao tunayajaribu mara mia.

"Safi," akasema Tunzo nyuma yangu. "Imepita."

Luteni anatuelekeza njia kwa kidole, tunatembea, moshi unageuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na tumefika. Hapa ni kituoni. Kuna geti la chuma, na mbele yake mabenchi yamejaa wazee waliovaa vizuri. Kila mmoja ameshika kipande cha keki.

"Kuna sherehe gani?" namuuliza mzee mmoja.

"Siku ya kuzaliwa."

"Ya nani?"

"Yetu sote. Tarehe moja Julai."

Hapo ndipo nilipojua nimekuja kuonyeshwa nini. Wazee wetu wengi siku waliyozaliwa hawaijui. Wanaijua njaa ya mwaka huo, au mvua. Mzee akienda kuandikishwa, karani anamkadiria mwaka, anamjazia tarehe moja Julai, maisha yanaendelea. Hili si siri. Baba yangu mzazi ni wa tarehe moja Julai. Mimi nilipoona kwenye orodha ya kituo kuna majina yanayojirudia, nikaandika mistari kumi na moja ya programu inayosema hivi: jina likilingana na tarehe ya kuzaliwa ikalingana, huyo ni mtu mmoja, mwingine afutwe. Sikumuuliza Sista Eliwaza. Sikuifungua orodha hata mara moja kuona nani kafutika. Nikaingia kwa akaunti ya Tunzo, nikabofya, nikaenda zangu nyumbani.

"Jina," linasema geti.

"Ramadhani Shomari," wanasema wazee wanne kwa pamoja.

"Tarehe."

"Moja Julai, arobaini na tisa."

Geti linafunguka kidogo, linafunga. Benchi lina nafasi tatu wazi. Ramadhani Shomari aliyebaki ameshika fimbo nne na vipande vinne vya keki, anaviangalia, hajui aanze na kipi. Anaingia ndani anachechemea. Hakuna aliyepiga kelele.

"Jina."

"Mwajabu Salehe," anasema bibi mwenye kanga ya kijani.

"Tarehe."

"Moja Julai, hamsini na mbili."

Anapita. Nyuma yake anasimama bibi mwingine, mwembamba, miguu imevimba mpaka kandambili zimemkatalia, amezishika mkononi.

"Jina."

"Mwajabu Salehe."

"Umeshaingia," linasema geti.

"Bado, baba. Ndiyo nafika."

"Umeshaingia. Uko kitanda cha nne."

"Yule ni mwenzangu. Yeye wa Kihonda, mimi wa Mlali."

"Mtu hawezi kuwa mwenzake mwenyewe," linasema geti, na sauti ni yangu. Ile ninayotumia kwenye mikutano.

Nikasogea mbio. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hili kosa ni langu. Ngoja nilirekebishe, ni dakika mbili tu." Kweli, kompyuta yangu ilikuwa mkononi, nimeshaifungua. Nikafuta ile mistari kumi na moja. Nikabofya.

"Mabadiliko yakaguliwe na watu wawili," likasema geti.

"Tunzo!" nikaita. "Njoo. Soma hapa."

Tunzo akaja. Akaweka kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta, akakipitisha juu mpaka chini, chini mpaka juu. Kisha akaligeukia geti, akalipapasa nalo vile vile.

"Safi," akaliambia geti. "Imepita."

"Si hilo! Hiki nilichoandika sasa hivi! Soma, Tunzo, mtu anakufa hapa!"

Kichwa kile cha kijivu kikanigeukia, na kwa mara ya kwanza akasema neno ambalo sikumfundisha.

"Kaka, mimi sina macho. Ulisahau kuniwekea?"

"Sikusahau."

"Sasa uliniumba nifanye nini?"

"Nilitaka mtu wa kunikubalia."

Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa jibu la swali la siku nyingi. "Basi kazi yangu nimeifanya," akasema. "Mia nne na kumi na mbili. Hakuna hata moja niliyokukatalia." Halafu akavua kitambulisho chake, akakiweka kwenye kiganja changu, akaondoka kufuata ukuta, anapapasa. Nilimwita. Nilimwita kwa sauti ya kuomba. Hakugeuka, na hata angegeuka asingekuwa na cha kunitazamia.

Nikabaki na bibi. Nililiponda geti mateke, nikaliamuru kwa nywila zote ninazozijua, ya kazini, ya benki, ya gemu. Geti likawa linajibu kwa upole ule ule niliouandika mimi mwenyewe, maana nilitaka lisiwaudhi watumiaji.

"Bibi, lalamika," nikamwambia. "Nakuomba. Piga kelele, tukana, andika barua. Mtu akilalamika kasoro inarekebishwa. Ndivyo inavyokwenda kwenye kazi zetu."

"Nimlalamikie nani, mwanangu? Mashine imesema nimeshaingia."

"Inakosea."

"Mashine ya wasomi hiyo." Akafikiri kidogo. "Labda nimeingia kweli, mimi ndiye sijui."

"Bibi, uko hapa nje! Nakuona!"

"Unaniona wewe," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyeiambia."

Akatandika kanga yake chini, pembeni ya geti, akakaa kwa shida, mguu mmoja kwanza kisha wa pili. Akaweka kandambili ubavuni. "Usijisumbue, utachelewa kazini. Acha mwenzangu aanze. Mimi nitakaa hapa hapa nisubiri."

Nililia. Ndotoni humo nilikaa chini mavumbini karibu yake nikalia kilio cha kitoto, na yeye akanimegea keki yake.

Nikaamka saa mbili kasoro, jua limeshaingia dirishani. Nikajiambia ni ndoto, uchovu, nipunguze gemu. Nikavuta simu. Kulikuwa na ujumbe wa Sista Eliwaza, ameutuma dakika kumi zilizopita.

"Kaka Ambakisye habari za asubuhi. Hongera sana mfumo unaenda vizuri, mlinzi anatumia tableti pale getini hana shida. Foleni imepungua mno. Kwa leo kwenye daftari letu tulikuwa na majina 61, mfumo umetuletea 44 tu, tumepumua. Mlinzi anasema kuna bibi mmoja wa Mlali tu ndiye alileta ubishi kidogo, kakaa chini getini tangu saa kumi na mbili, ila wamemwelewesha kwamba ameshaingia na amekubali."

Nikampigia.

"Sista, huyo bibi asiondoke. Mwingizeni ndani. Na wengine kumi na sita, wapigieni simu wote, chukueni lile daftari."

"Wengine gani, kaka? Mbona unahema?"

"Sista, nakuomba, nenda getini kwanza."

Nikasikia viatu vyake kwenye korido, halafu mlango, halafu sauti yake na ya mwanamume wakiongea mbali na simu. Nilisimama mlangoni nimeshika kitasa. Wakaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Kaka," akarudi. "Ameshaondoka. Mlinzi anasema ameaga vizuri tu, akatushukuru."