Upande wa Pili wa Santuri

Siku Emmaculate alipoletewa ile santuri, aliosha mikono kwanza, akaikausha, ndipo akaipokea. Bogonko, anayeuza nguo za mitumba pale Migori na kununua vitu vya zamani kwa watu wanaohama, alikuwa ameitafuta kwa miezi minne. Alimkabidhi huku akimtania kwamba walimu wenzake wa rika lake wanatafuta wachumba, yeye anatafuta jazz.

Jazz ya huku haina tarumbeta. Ni gitaa mbili zinazofukuzana, besi inayotembea chini yao, na mwimbaji anayesimulia kisa kama mtu aliyeketi jikoni kwako. Bendi karibu zote za wakati ule zilijiita jazz na hakuna aliyeuliza kwa nini. Marehemu Nicanor, baba yake Emmaculate, aliacha santuri kama sabini. Kila Jumamosi jua lilipozama na Sabato kuisha, alikuwa akitoa gramafoni yake ndogo ya betri na kumruhusu binti yake ashushe sindano.

Emmaculate alizijua zote kwa moyo, isipokuwa wimbo mmoja. Ulianza upande wa kwanza na kuendelea upande wa pili, kama zilivyokuwa nyimbo nyingi za siku hizo, lakini upande wa pili wa santuri ya baba ulikuwa umekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, mistari mitano mirefu kutoka ukingoni hadi kwenye karatasi ya katikati. Alipokuwa na miaka sita aliamini kwamba ni yeye aliyeiharibu. Alimwomba baba msamaha huku akilia. Baba alimwambia tu, "Si wewe," akaweka nyingine. Hakumwamini. Alikua na kosa hilo, na kutafuta santuri nzima ilikuwa njia yake ya kulilipa, ingawa baba mwenyewe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Basi akaigeuza, akashusha sindano.

Upande wa pili ndiko wanamuziki wale walikowataja marafiki zao na kuwasifu. Gitaa zilipopungua, mwimbaji akaanza kumwita mtu. Levi wa Homa Bay. Levi mume wa Phelesia, mwenye duka la nyavu karibu na gati. Levi mwenye Peugeot nyeupe, ukiiona njiani mpishe, KVA adek, achiel, aboro.

Tatu, moja, nane.

Emmaculate aliinua sindano. Nje ya dirisha, chini ya kibanda cha mabati, lilisimama gari la baba yake, Peugeot nyeupe ya 504, na kwenye bamba lake la nyuma ziliandikwa herufi na namba zile zile. Alisikiliza tena, akiomba awe amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

Jambo hilo lilimkuta wakati mbaya. Serikali ilikuwa inataka magari yote yawekwe namba mpya, na namba mpya hazitolewi bila kitabu cha gari, kile chenye jina la mwenye gari. Katika mkebe wa baba mlikuwa na hati ya shamba, vyeti vya ubatizo, hata kadi ya chanjo ya Emmaculate, lakini kitabu cha gari hakikuwemo. Alikuwa amejiambia kimepotea. Sasa alijiuliza kama kiliwahi kuwemo.

Na hofu ikishaingia haiingii peke yake. Alikumbuka kiti cha mbele cha kushoto, ambacho baba hakumruhusu mtu kukikalia maisha yake yote. Alisema springi zake zimevunjika. Mama alikaa nyuma. Emmaculate alikaa nyuma. Alienda kibandani, akafungua mlango wa kushoto na kukibonyeza kiti kwa viganja viwili. Springi zilimrudisha juu, nzima kabisa.

Kesho yake alilipeleka gari kwa Cephas, fundi aliyelishughulikia kwa miaka ishirini. Cephas alipenda kusema kwamba gari lile ni mgonjwa wa wodi, leo kabureta, kesho rejeta, keshokutwa sakafu imeliwa na kutu, na kwamba madam angekuwa na akili angelinunulia jeneza. Siku hiyo hakutania. Emmaculate alimweleza kuhusu santuri, akamuuliza kama anamjua mtu aitwaye Levi.

Cephas alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Alisema hamjui. Anachojua ni kwamba kila Agosti Nicanor alikuwa akienda Homa Bay peke yake na kusema analipeleka gari kufanyiwa sevisi.

"Na akirudi ananiletea mimi," Cephas alisema. "Oili ile ile nyeusi. Plagi zile zile. Hakuna fundi aliyeligusa huko, madam. Mimi sikumuuliza. Na wewe kama unampenda mzee, weka tu hiyo santuri kabatini."

Emmaculate alifikiria kufanya hivyo, na si mara moja tu. Alimpenda baba yake kwa namna ambayo hakuwa na pa kuiweka tena. Lakini darasani aliwaambia watoto kila siku kwamba jibu lisilokaguliwa si jibu, na usiku wa tatu bila usingizi alijua hataweza kuwatazama akisema hivyo. Jumapili asubuhi aliweka gramafoni na santuri kwenye kiti cha nyuma, akavuta gia ya usukani, akaondoka.

Uriri alipita salama. Awendo, nyuma ya lori la miwa lililotambaa, mshale wa joto ulianza kupanda, na palepale mbele palikuwa na kizuizi cha polisi. Askari alilitazama bamba, akamtazama yeye, akalitazama bamba tena. Emmaculate alishajua atakachosema: hili gari ni la baba yangu. Akagundua kwamba hawezi kulisema tena kwa sauti. Askari akatabasamu na kusema babu yake alikuwa na moja kama hilo, akampungia mkono apite. Hakupata nafuu yoyote. Njia nzima ya Rongo hadi Rodi alikuwa na picha moja kichwani, baba yake kijana akiwa ameshika usukani huu huu, na kiti cha kushoto kikiwa na mtu asiyesogea.

Karibu na gati la Homa Bay alisimama kwenye duka la nyavu kuulizia. Mwanamume aliyekaa mlangoni alilitazama gari kwanza. Kabla Emmaculate hajasema neno, alinyoosha mkono kuelekea nyumba yenye geti la buluu, akarudi ndani.

Aliyefungua geti alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani vizuri kama cha kwenda kanisani. Hakumsalimu. Alitazama juu ya bega la mgeni, kule barabarani.

"Nicanor amekufa," alisema.

"Ndiyo, Dani," Emmaculate alijibu, akimwita bibi kwa heshima. "Mwaka jana, Machi."

"Nilijua. Agosti hakuja." Akamtazama sasa. "Wewe ni nyar Nicanor, binti yake. Una macho yake ya woga. Ingia."

Emmaculate aliketi ukingoni mwa kiti na kulisema lote mara moja kabla ujasiri haujamtoka: santuri, jina, namba, kitabu kisichoonekana. Mwisho akauliza alichokuja kuuliza. "Dani, baba yangu aliiba hili gari? Au alimfanya nini mume wako?"

Phelesia aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha gari, na jina lililoandikwa lilikuwa la Levi.

Kisha akasimulia, bila kupandisha sauti. Nicanor alikuwa dereva wa Levi, na zaidi ya dereva, rafiki. Agosti moja habari zilikuja kwamba santuri imefika Migori, ile ambayo Levi ametajwa. Ilikuwa Sabato. Phelesia aliwakataza. Nicanor naye alimwambia Levi kwamba pampu ya petroli inasumbua kukiwa na jua kali, wangoje Jumapili. Levi alicheka, akasema mtu haitwi kwa jina lake kila wiki. Wakaenda, wakainunua. Wakati wa kurudi, mahali fulani kati ya Rongo na Rodi, kifua cha Levi kilibana. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Na gari likazima.

"Sabato, barabara haina mtu," Phelesia alisema. "Nicanor alisukuma mpaka viganja vikachunika. Alinionyesha. Levi alifia kwenye kile kiti cha mbele cha kushoto, santuri iko mapajani. Hakuisikia hata mara moja."

Baada ya mazishi Nicanor alileta gari na funguo. Phelesia hakuvipokea. Alichukua santuri, akachukua msumari, akaikwaruza mbele yake upande ule wenye jina, akamrudishia.

"Nilimwambia, liendeshe mpaka ufe. Nililijua kosa la Levi vizuri sana, lakini Levi alikuwa ameshazikwa, na mimi nilihitaji mtu wa kumchukia aliye hai. Baba yako akakubali kuwa huyo mtu. Kila Agosti alikuja na funguo, akasimama hapo getini. Sikufungua. Miaka zaidi ya arobaini, nyar Nicanor, na sikufungua."

Emmaculate alitaka kulia na hakuweza. Alikuwa amekuja akiogopa kumpata mwizi, na sasa aliogopa kitu kingine, kwamba mwanamke huyu atamkabidhi yeye zile Agosti zilizobaki, za kusimama getini bila kufunguliwa.

"Nenda ukailete," Phelesia alisema.

Aliileta gramafoni, akaiweka mezani, akashusha sindano upande wa pili. Gitaa zilipopungua na sauti ikamwita Levi, mume wa Phelesia, mwanamke yule aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mvua iko mbali kiasi gani. Zilipofika namba, midomo yake ilizitamka pamoja na mwimbaji. Wimbo ulipokwisha alisimama, akachukua ule mfuko wenye kitabu, akatoka. Emmaculate alimkuta kwenye gari. Alikuwa ameshaufungua mlango wa kushoto na kuketi.

"Nipeleke pale," alisema.

Ilikuwa saa nane, na jua la Homa Bay lilikuwa limekalia boneti. Emmaculate alilijua gari lake. Alijua kwamba kulipandisha kilima kuelekea Rodi saa hizo, injini ikiwa bado na joto la safari, ni kulitafutia sababu ya kukataa. Hakuthubutu kusema. Aliendesha, sikio lake lote kwenye mlio wa injini, na pembeni mwa jicho aliona mkono wa Phelesia umeshika dashibodi kwa nguvu.

Katikati ya kilima injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Emmaculate alikanyaga mafuta na pedali ikashuka bure, nyepesi. Gari likapoteza nguvu, likasimama, likazima.

Phelesia alianza kuhema kwa haraka, macho mbele, na Emmaculate akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwamba kiti kile kitamchukua na huyu.

"Si hapa," Phelesia alisema kwa shida. "Ilikuwa mbele. Baada ya Rodi."

Emmaculate alivuta breki, akaruka nje, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kisha mikono yake ikafanya inachokijua. Alifungua buti, akatoa mtungi wa maji wa lita tano na kitambaa kizito ambavyo havikuwahi kukosekana humo tangu akiwa mtoto. Alifungua boneti, akalowesha kitambaa, akakizungushia pampu ya petroli. Mvuke ulipanda. Akalowesha tena.

Phelesia alikuwa ameshuka, ameshikilia mlango. "Unafanya nini?"

"Petroli imechemka kwenye pampu, Dani. Unaipoza kwa maji, unasubiri, linawaka. Baba alinifundisha kabla hata sijafika kwenye pedali."

"Unasubiri muda gani?"

Emmaculate alifungua kinywa, ndipo akaelewa anaulizwa nini. Alitamani kuwe na jibu jingine.

"Dakika kumi," alisema.

Phelesia alirudia neno hilo taratibu. Kumi. Akauliza Nicanor alijifunza hayo lini. Emmaculate alisema hajui, anachojua ni kwamba baba hakutoka nyumbani hata siku moja bila yale maji, hata masika, hata kwenda kanisani hatua mia tatu.

"Basi siku ile hakujua," Phelesia alisema.

"Hakujua, Dani."

Walingoja. Lori moja lilipita na kuwatikisa. Phelesia alirudi kukaa kwenye kiti cha kushoto, mlango wazi, mfuko mapajani, na Emmaculate akalowesha kitambaa mara ya tatu, akihesabu kimoyomoyo, akiogopa kufika kumi na gari likatae. Alifika kumi. Akaongeza mbili. Akaingia, akageuza ufunguo.

Liligoma. Akageuza tena. Likashika, likatetemeka, likatulia kwenye mlio wake wa siku zote.

Phelesia hakusema asante wala hakumtaja Nicanor. Alifunga mlango wake mwenyewe, akaubamiza mara mbili kwa sababu kitasa ni kibovu, akaomba warudi nyumbani, huko mbele hakuhitaji kwenda tena leo. Walishuka kilima polepole, ziwa likiwa jeupe chini yao. Walipofika, alikiacha kitabu cha gari juu ya kiti alichokuwa amekalia, akalifikia geti, akageuka.

"Agosti," alisema, "utalikuta wazi."

Emmaculate aliitikia kwa kichwa. Hakuzima injini. Alikuwa bado anaogopa haitawaka.