Koma Mbili za Mwalimu Manasseh

Bosibori, mama yake Duke, alikuwa amepika katika shule moja ya upili karibu na Ikonge kwa miaka tisa. Wapishi walikuwa watano. Mwezi wa pili, wawili kati yao walinaswa wakipitisha maharagwe kwenye dirisha la stoo, wakafutwa kazi. Mwalimu mkuu, Manasseh, akawaandikia wazazi barua kwa Kiingereza.

Jumamosi, nje ya kanisa la Wasabato, mzazi mmoja alimpungia Bosibori, aliyekuwa na watoto wake, barua hiyo usoni. "Kumbe nyinyi wote ni wezi!"

Bosibori aliisoma mwenyewe: "The cooks, who stole the beans, have been reported to the police." Yaani wapishi, ambao waliiba maharagwe, wameripotiwa polisi.

Jumatatu aliingia ofisini bila kubisha.

"Mwalimu, mimi niliiba nini?"

"Wewe hukuiba, Mama Duke. Niliandika wapishi walioiba."

"Hukuandika hivyo! Ukitia koma hapa na hapa, unasema wapishi wote waliiba. Ukizitoa, ndipo unasema wale walioiba peke yao."

Manasseh akacheka. "Leo unanifundisha Kiingereza? Ni koma mbili tu."

"Tu? Nimeitwa mwizi mbele ya watoto wangu!"

Mwalimu alichukua kalamu, akazikata koma kwenye nakala yake. "Haya, zimetoka. Wazazi nitawaeleza mkutanoni, mwezi wa sita."

Bosibori aligonga meza. "Andika nyingine leo, na ututaje kwa majina sisi ambao hatukuiba. Kabla ya hapo, moto hauwaki."

Manasseh alidhani ni maneno ya hasira tu. Lakini saa nne, Bosibori na wenzake wawili, Eucabeth na Benta, walikuwa wameketi kwenye ngazi ya jikoni, sufuria zikiwa kavu. Saa tano mwalimu akaja akifoka.

"Nitawafuta nyote!"

"Tufute," Bosibori akamjibu, "na hiyo barua uiandike vizuri."

Hakuna aliyeinuka.

Saa saba kasorobo, karani alileta barua mpya yenye majina yao matatu na maneno kwamba hawakuiba. Bosibori aliisoma mstari kwa mstari, akaisoma tena. Alipoona nakala zinagawiwa madarasani ili zipelekwe nyumbani, ndipo alipowasha moto.

Wanafunzi walikula saa tisa. Manasseh naye akaja na sahani yake.

"Habari ya jikoni, Mama Duke?"

Bosibori alimpakulia, asimjibu. Muhula mzima hakumjibu.