Ufunguo wa Sista Khavere

Nderitu alilala chali juu ya meza ya eksirei, shati limevuliwa, anatetemeka kwa baridi. Mkewe Wakonyo alikuwa amesimama mlangoni akimbembeleza Kioko, fundi wa mashine, amdunge ile sindano ya picha ya figo.

"Mama, daktari hayuko," Kioko akasema. "Hii dawa haidungwi kama daktari hayuko."

"Ameenda wapi?"

"Si unajua? Wote wako barabarani kupokea Waziri. Mimi nimeachwa nichunge mashine."

Wakonyo alijua sana. Asubuhi, walipofika mjini kwa miguu kutoka Giakanja, walikuta maduka yote yamefungwa kwa amri, hata la dawa. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa kando ya lami na umande ule, na vijana wa chama wakigawa bendera za karatasi. Eti Waziri anapita kwenda uwanjani kwenye harambee, na ni lazima aone watu wana furaha.

Furaha gani? Hii ilikuwa mara ya tatu kumleta Nderitu kwa picha hiyo. Mara ya kwanza waliambiwa filamu zimekwisha. Mara ya pili stima ikapotea. Kila safari alilazwa njaa, akanyweshwa mafuta ya mbarika ya kusafisha tumbo, akaharisha hadi kushindwa kusimama, kisha akarudishwa nyumbani kukojoa damu. Mwanamume aliyekuwa akibeba gunia la kahawa mgongoni huku anapiga mluzi, sasa alifunguliwa vifungo vya shati na mke wake.

"Kioko, mtoto wangu," Wakonyo akasema, "ukimrudisha leo, harudi tena. Atafia kwangu. Mdunge. Ni mimi nimesema."

Nderitu akainua kichwa. "Dunga, bwana. Ningekuwa ng'ombe ya gredi, ile ya kizungu, ningekuwa nimedungwa kitambo."

Kioko akacheka bila kupenda. Akatazama dirishani, akamtazama mgonjwa, akashusha pumzi. "Baba, iko dawa imewahi kukukataa?"

"Kitu imenikataa ni pesa peke yake."

Basi Kioko akavuta dawa kwenye bomba, akatafuta mshipa, akamdunga polepole.

"Nasikia moto," Nderitu akasema. "Mwili mzima."

"Hiyo ni kawaida. Inapita."

Haikupita. Nderitu alipiga chafya, mara chafya nyingine, akaanza kujikuna kifua. Vivimbe vikamtoka kifuani na shingoni kama mtu aliyeanguka kwenye thabai, yale majani yanayowasha. Midomo ikamfura, macho yakazibwa na nyama ya uso wake mwenyewe. Alijaribu kusema jina la mkewe, ikatoka sauti ya filimbi.

"Imemkataa!" Kioko alipiga kelele. "Ngai, imemkataa!"

"Fanya kitu basi!"

"Iko dawa ya kuzuia. Sindano moja tu, anapumua. Iko hapo wodini, kwa kabati." Kioko akashika kichwa. "Ufunguo iko na Sista Khavere. Yeye ndiye anaongoza kwaya ya wauguzi huko barabarani."

"Vunja hiyo kabati!"

"Ni ya chuma, mama!"

Ilikuwa ya chuma kweli. Dawa za hospitali zilikuwa zimeanza kuonekana zikiuzwa dukani kwa mkubwa mmoja wa mji. Mkubwa hakuulizwa kitu. Ikaletwa kabati ya chuma na kufuli kubwa, ufunguo ukafungwa kiunoni mwa Sista, na wagonjwa ndio waliofungiwa.

"Nitaigonga na spana ya oksijeni," Kioko akasema, akimwinua Nderitu miguu juu ya mto. "Lakini wewe kimbia. Mwambie adrenalini. Ukichelewa humkuti. Kimbia, mama!"

Wakonyo alikimbia. Leso ya kichwani ilimdondoka langoni, hakugeuka. Ni mimi nimesema, ni mimi nimesema, maneno yake mwenyewe yalimpiga kichwani kila alipokanyaga. Alipofika barabarani akapenya katikati ya watu kwa viwiko, akitukanwa, mpaka kifua chake kikagota kwenye kamba.

Ng'ambo ya pili, mbele ya wauguzi waliovaa sare nyeupe, alikuwapo Sista Khavere akipunga mikono kwa mapigo ya ngoma. Ufunguo uliruka kiunoni mwake. Kati yao palikuwa na lami tu, isiyo na hata kuku.

"Rudi nyuma, mama," askari mmoja akamwambia. Kibao kifuani kilisema Simiyu.

"Afande, bwana yangu anakufa huko hospitali. Niache nivuke nichukue ufunguo kwa yule sista. Hapo tu!"

"Hakuna kuvuka. Gari za mkubwa ziko karibu."

"Lakini barabara ni tupu!"

"Ndiyo. Imewekwa tupu."

"Basi nenda wewe. Wewe uko na sare."

Simiyu akatazama huku na huku, akainama. "Mama, hata mimi niko na watoto. Mwenzangu aliacha mtu mmoja tu avuke. Saa hii amehamishwa Doldol, huko mbali kwa jangwa, bibi na watoto wamebaki hapa na hakuna mtu anawaangalia. Subiri wapite."

Wakonyo akapiga ukelele. "Sista! Sista Khavere! Ufunguo!"

Kwaya ilikuwa inaimba jinsi Waziri alivyowaletea mashine ya picha, na jinsi magonjwa yalivyokimbia mlimani. Wakonyo akainua mkono, akauzungusha hewani kama anayefungua mlango. Akaonyesha hospitali. Akajikaba koo.

Khavere akamwona. Mikono yake ikasimama hewani, kisha mmoja ukashuka kiunoni. Akapiga hatua kuingia barabarani.

D.O., mkuu wa tarafa aliyesimama kando ya kwaya, akamkinga kwa kifimbo chake. Wakonyo hakusikia walichosema. Aliona mdomo wa Khavere ukienda mbio, akaona D.O. akitazama upande wa hospitali, akatazama kule king'ora kilikotokea, akatikisa kichwa. Kifimbo kikaelekezwa kwa kwaya. Khavere akasimama kidogo. Kisha akarudi, akainua mikono, akafungua kinywa.

"Huyo mwanamke hana utu!" Wakonyo akalia, akapita chini ya kamba. Simiyu akamdaka nguo. Kijana wa chama akamtia bendera mkononi. "Pepea, mama! Usituharibie!"

Pikipiki zikapita, magari yakafuata. Wapite, Wakonyo akaomba, wapite upesi. Yakasimama. Waziri alikuwa amependa wimbo. Akashuka, mnene, mcheshi, akaanza kusalimia watu kwenye kamba, akafika kwa yule mama mwenye machozi na kichwa wazi, akamshika mkono.

"Mama, mbona unalia? Ni furaha?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Hapo ng'ambo ngoma haikunyamaza.

"Mheshimiwa, ni ufunguo," Wakonyo akasema, lakini ngoma ikaimeza sauti yake. "Bwana yangu yuko kwa mashine, amedungwa, hawezi kupumua. Ufunguo iko na yule sista. Mwambie aende. Wewe ukisema ataenda."

Waziri akageuza sikio kwa D.O., ambaye alikuwa amekwisha kuvuka barabara na kusimama begani pake. "Anasema nini huyu?"

"Anashukuru kwa mashine, mheshimiwa," D.O. akasema. "Ati bwana yake anapigwa picha leo."

Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akachuchumaa.

"Hapana!" Wakonyo akasema. "Hapana, mheshimiwa..."

"Sista!" Waziri akaita kwa sauti kubwa, na moyo wa Wakonyo ukaruka. Amesikia. Asante Mungu, amesikia. "Sista, huo wimbo ni mtamu sana. Hebu urudie tangu mwanzo, huyu mama acheze na mimi!"

Khavere akamtazama Wakonyo. Akafuta macho kwa mkono wa sare, akawageukia wenzake, akaanzisha ubeti wa kwanza. Waziri akaanza kuyumba mabega. Hakuuachilia mkono wa Wakonyo, aliupandisha na kuushusha pamoja na ngoma, na kila Wakonyo alipouvuta, aliukaza zaidi, akicheka.